Msimu wa Mwisho wa Kinyozi

Jumatatu, 4 Machi

Majina ya kikosi yametangazwa asubuhi. Nimo, lakini nimo kama chumvi ya akiba: iko kabatini, haiko chunguni. Huu ni msimu wangu wa nne kuwa mpigaji wa akiba wa timu ya taifa ya kriketi. Kazi yangu ni kupeleka maji na glavu kavu uwanjani, kupiga makofi, na wakati wa mazoezi kumrushia mipira shemeji yangu mpaka bega liniume.

Shemeji ndiye Kinyozi. Nchi nzima inamwita hivyo. Hata dada yangu, mkewe, humwita hivyo akikasirika. Jina alipewa na mtangazaji wa redio aliyesema mipira ya kijana huyu hairuki, inanyoa majani mpaka ukingoni. Alikuwa na miaka ishirini, ugenini, wenzake karibu wote wameshatolewa, naye akasimama peke yake akapiga mikimbio zaidi ya mia. Mimi nilikuwa darasani. Mwalimu alizima redio, darasa zima likamlilia aiwashe. Tangu siku hiyo nilitaka kuwa yeye. Baadaye alikuja nyumbani kumposa dada, nikashindwa hata kumkaribisha kiti.

Sasa ana thelathini na sita. Wageni wanakuja kwa mechi tatu, siku tano kila moja, na wana mrushaji mpya, kijana mrefu wanayemwita Twiga. Kocha alituonyesha video zake. Mpira wa kriketi ni mgumu kama jiwe, na wa Twiga unatua katikati ya njia halafu unapanda kutafuta koo.

"Usiwe na wasiwasi," Kinyozi aliniambia tukitoka. "Wewe utamwona ukiwa umekaa."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, ningefanyaje.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Mazoezi ukumbini. Paa linapiga kelele, hatusikilizani.

Jumatatu, 11 Machi

Leo nimeaibika. Korido ya klabu ilikuwa imejaa, waandishi wa habari, wafadhili, kila mtu na kikombe chake. Kinyozi alikuwa akizungumza na nahodha. Nikapita pembeni yake, nikamnyooshea mkono nimsalimie. Aliuacha. Mkono wangu ukabaki hewani kama shati kwenye kamba. Hakugeuza hata shingo. Nahodha aliona, akatazama viatu vyake.

Nimekula kwenye sahani moja na mtu huyu. Binti yake ananiita Mjomba. Kumbe umaarufu ukizidi hata undugu unakuwa mzigo.

Ijumaa, 15 Machi

Chakula cha jioni kwa dada. Mama naye alikuwepo. Mama akasema, "Nina furaha, watoto wangu wawili uwanjani."

Dada akasema, "Mmoja uwanjani, Mama. Mwingine kwenye ndoo ya maji."

Tulicheka, Kinyozi pia. Lakini nilimtazama vizuri leo, kwa sababu ya ile korido. Dada alimmiminia chai, akachukua mkono wake, akamkabidhi kikombe kama mtoto. Bwana mkubwa hata kikombe hachukui mwenyewe. Nilitaka kukaa karibu naye, binti yao akanivuta shati: "Hapana Mjomba, Baba hapendi mtu akae huku." Nikahamia ng'ambo. Nikajiambia, sasa hata viti vina daraja.

Jumanne, 19 Machi

Mawingu, lakini pakavu. Mambo mawili.

La kwanza. Miaka yote, timu yetu ikidaka, Kinyozi amesimama karibu na vijiti, vile vitatu mpigaji anavyovilinda, kudaka mipira ya kuchomoka, pale panapotaka mtu mwenye mikono ya paka. Leo amemwomba nahodha ampeleke mbali, ukingoni. "Magoti," amesema. Nahodha amekubali bila swali. Mtu huyu angeomba kucheza amekaa kwenye kiti angeletewa kiti.

La pili. Nilipokuwa namrushia, niliona anasimama vibaya. Mpigaji husimama ubavu, bega la kushoto likimtazama mrushaji. Yeye ndiye aliyenifundisha hivyo. Sasa anafungua kifua chote na kugeuza uso mzima kwangu, kama mtu anayesikiliza mlangoni. Nikamwambia.

"Wewe rusha," akasema.

Nikarusha.

Jumamosi, 23 Machi

Siku ya tatu ya mechi ya kwanza. Kinyozi kapiga mikimbio sabini na moja. Uwanja uliimba jina lake mpaka mwamuzi akasubiri. Magazeti ya kesho nayajua hata kabla hayajachapwa: mkongwe, simba, dawa ya Twiga.

Mimi nilikaa na ndoo yangu nikitazama miguu yake, maana nimeisoma kuliko kitabu chochote. Alikuwa anabahatisha. Gongo lake lilikuwa linakwenda mahali ambapo mpira ulipaswa kuwa, na mara nyingi mpira ulikuwapo. Mara mbili aliupiga juu wageni wakashindwa kuudaka, mipira rahisi ambayo ingemtoa. Angekuwa mtu mwingine ningesema ana bahati. Kwa kuwa ni yeye, nilijikuta naomba atolewe, halafu nikaona haya, nikaomba asitolewe. Wivu ni kama mwiba wa samaki. Umeshakwama kooni ndipo unajua ulikuwepo.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua kutwa. Sare.

Alhamisi, 28 Machi

Sijui nianzie wapi. Nimekaa mezani chai imepoa.

Tulibaki wawili kwenye neti baada ya mazoezi. Nilikuwa nimeweka ndoo ya mipira kushoto kwake, wazi kabisa, ndoo nyekundu. Alipogeuka aende kuchukua chupa yake aliingia moja kwa moja kwenye ile ndoo. Mipira ikatawanyika. Nilingoja anitukane. Hakunitukana. Alisimama, akatoa mkono wa kushoto, akapapasa hewa mpaka alipopata neti, akaishika.

Nikamsogelea taratibu upande ule. Nikainua mkono, nikaupeleka karibu na shavu lake kama mtu anayetaka kufukuza nzi. Hakupepesa.

"Shemeji," nikasema.

Akashtuka. Akageuza uso mzima, vile anavyogeuza siku hizi. Tukatazamana.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu lini nini?"

"Usinifanye mtoto."

Akakaa chini juu ya majani, na pedi zake miguuni. Akaniambia. Msimu uliopita, ugenini, mpira ulimpiga juu ya shavu akiwa mazoezini, bila kofia ya chuma. Akaweka barafu, akacheza siku iliyofuata. Wiki chache baadaye ikaanza kama vijidudu vinaelea. Halafu kama pazia, linatoka pembeni, kila siku linasogea kidogo. Sasa upande wa kushoto ni giza, isipokuwa mwanga mdogo juu.

"Na daktari wa timu? Si anatupima wote?"

Akacheka kidogo. "Ule ubao wa herufi haujabadilishwa tangu nianze kucheza. Nausoma kama sala."

"Na zile sabini na moja?"

"Miguu," akasema. "Nasikiliza miguu ya mrushaji. Akitaka kurusha mpira mfupi, ule unaopanda kooni, hatua ya mwisho anaiburuza. Mengine ni mazoea na Mungu."

Nilikaa naye chini. Nilifikiria ile korido, mkono wangu ukining'inia. Alikuwa hajauona. Siku zote zile nilikuwa namchukia mtu kwa sababu ya upofu wake.

Nikamwambia aende hospitali kesho, aache kila kitu. Akasema atakwenda, msimu ukiisha. Zimebaki mechi mbili tu. Anataka kuondoka kwa miguu yake mwenyewe, watu wamesimama, si kuongozwa mlangoni kama mzee. Akanishika goti.

"Halafu fikiria na wewe. Ukisema, nani atakuelewa? Wewe ndiye wa akiba."

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Alichukua kimya changu akakitia mfukoni, akainuka, tukaokota mipira pamoja. Mimi niliokota ya kushoto.

Jumatatu, 1 Aprili

Sina hamu ya kula. Mama kapiga simu, nimemwambia ni tumbo. Kasema tumbo la mtu asiyecheza linaumwa na nini.

Alhamisi, 4 Aprili

Mechi ya pili imeanza. Anga zito, taa za uwanja zimewashwa mchana. Kinyozi katolewa mpira wa kwanza kabisa. Vijiti viliruka, yeye bado anainua gongo. Watu wakasema, hutokea hata kwa walio bora. Mimi nilishukuru. Katoka mzima.

Jumapili, 7 Aprili

Imetokea.

Ilikuwa zamu yetu ya pili ya kupiga, na Kinyozi alikuwa amesimama muda mfupi tu. Twiga alikimbia kutoka upande wa miti, ambako nyuma yake kuna kivuli. Sikusikia hatua zake kwa kelele za watu, na kama mimi sikusikia basi hata yeye hakusikia. Mpira ulitua, ukapanda. Wenzangu wote benchini waliinama vichwa, maana mwili unajua wenyewe. Kinyozi hakuinama. Alisimama wima kama mtu anayesubiri gari. Ulimpiga kwenye kofia ya chuma, upande wa kushoto, sauti kama mlango unaobamizwa, akaanguka.

Twiga mwenyewe alikuwa wa kwanza kumfikia, amejishika kichwa kwa mikono miwili. Ni kijana mdogo yule, usoni. Mimi nilikimbia na maji na kofia nyingine. Nilipofika, Kinyozi alikuwa ameketi, anatabasamu kwa ajili ya kamera. Daktari wa timu alimuuliza leo siku gani, nani anaongoza, akajibu vyote sawasawa. Daktari akarudi nyuma kuzungumza na mwamuzi.

Nikapiga magoti nimfunge kamba za kofia. Akaninong'oneza bila kuacha kutabasamu, "Vijiti viko wapi?"

"Nini?"

"Vijiti vyangu. Nielekeze. Kulia au nyuma?"

"Nyuma yako. Shemeji, twende. Nitakushika mkono."

"Nyuma moja kwa moja?"

"Moja kwa moja," nikasema.

Akainuka. Watu wakalipuka kwa makofi. Nikachukua kofia iliyopasuka nikaondoka. Hilo ndilo nililolifanya leo. Nilimwonyesha vijiti viliko, nikamwacha pale, nikarudi kukaa. Alipigapiga kidogo, akatolewa. Kila mpira uliorushwa nilikuwa nimeng'ata taulo.

Jumatatu, 8 Aprili

Tumefungwa. Kila kitu sasa kiko kwenye mechi ya tatu. Mvua imeanza tukiwa ndani ya basi.

Jumanne, 9 Aprili

Nimekwenda kwa dada wakati Kinyozi yuko kwenye maji ya moto klabuni, anachua shingo. Nilipanga maneno njia nzima. Nilipoanza tu akanyanyua mkono.

"Unadhani ni nani anayemmiminia chai?" akasema.

Alijua tangu mwanzo. Yeye ndiye anayepanga viti. Yeye ndiye aliyemfundisha mtoto kukaa kulia. Nilimwona dada yangu kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze: amekonda, kucha zimeisha. Nilikuwa nikifikiri anamdekeza mume.

"Ulimwona Jumapili?" nikauliza.

"Nilizima televisheni. Nikawasha. Nikazima."

"Basi mwambie aache."

"Nimemwambia kwa upole, nimemwambia kwa machozi, nimehamia chumba cha mtoto. Anasema mechi moja. Mdogo wangu, yule hajui kazi nyingine. Hajui hata kubadilisha balbu."

"Basi mimi nitamwambia kocha."

Akanigeukia. "Ukimsema, utaingia wewe kwenye nafasi yake. Mimi nitakukaribisha humu ndani kwa uso gani?"

"Na akiletwa kwa jeneza, utanikaribisha kwa uso gani?"

Aliinuka akafunga dirisha, maana mvua ilikuwa inaingia. Alikaa pale dirishani amenipa mgongo.

"Nenda nyumbani," akasema. Ukali ulikuwa umemwishia.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimemwambia Kinyozi mwenyewe, kwenye maegesho, ndani ya gari lake. Siku hizi haendeshi, dada ndiye anaendesha, lakini hupenda kukaa mle kusikiliza redio. Nikamwambia: zungumza na kocha kabla ya Jumatano, la sivyo nitazungumza mimi.

Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

"Siku nilipokuja kwenu kuposa," akasema, "watu wote walinitazama mimi. Wewe ulitazama gongo nililokuwa nimeliacha garini. Nikamwambia dada yako, huyu mdogo wako ananitaka mimi au anataka vitu vyangu? Sasa nimepata jibu. Kikulacho ki nguoni mwako."

Nilishuka. Nilibamiza mlango, nikashindwa kujua ni hasira au ni kwa sababu kuna ukweli ndani yake. Nataka kucheza. Nimetaka tangu nikiwa darasani. Kila nikijiuliza kama ningemsema endapo mimi nisingekuwa wa akiba, najibu ndiyo, halafu nasikia sauti nyingine ikiguna.

Jumapili, 14 Aprili

Hajasema.

Jumatatu, 15 Aprili

Hajasema. Mvua.

Jumatano, 17 Aprili

Nimesema.

Kocha alikuwa ofisini kwake anakula mkate na yai, kesho mechi. Ni mtu wa maneno machache. Tunasema analipia kila neno. Nilisimama mlangoni nikamwambia yote, jicho, ubao wa herufi, vijiti. Nilizungumza haraka kama mtu anayetapika. Alimaliza kutafuna.

"Unajua nani ataingia?"

"Weka mwingine."

"Sina mwingine."

"Basi tucheze pungufu."

Akanitazama kama anatafuta kitu usoni kwangu. Sijui kama alikipata. Akainuka, akajifuta mikono, akaniambia nimfuate.

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa na watu wengi, muziki unalia. Kinyozi alikuwa kwenye benchi lake la pembeni, anafunga utepe kwenye mpini wa gongo. Kocha alichukua soksi za mtu, akazikunja pamoja zikawa kama mpira. Akaenda upande wa kushoto wa Kinyozi, hatua chache tu, akazirusha polepole, vile unavyomrushia mtoto. Huyu ndiye Kinyozi aliyekuwa anadaka mipira ya kasi ya risasi kwa mkono mmoja. Soksi zilimgonga shavuni zikaanguka mapajani.

Aliziangalia. Mtu mmoja akazima muziki.

Kocha akachukua soksi nyingine, akarusha tena. Zikamgonga tena. Nilitaka kumshika mkono kocha nimwambie inatosha, lakini hakurusha ya tatu. Alikaa kwenye benchi kando yake.

"Pole," akasema kocha.

Kinyozi alimaliza kufunga utepe. Aliukata kwa meno, akalainisha ncha yake kwa kidole gumba. "Nani kakwambia?"

Kocha alinyamaza. Ningeweza kunyamaza nami. Wenzangu walikuwa wengi mle ndani, angeweza kumdhania yeyote.

"Mimi," nikasema.

Hakunitazama. Alikusanya vitu vyake kwenye begi, kimoja kimoja, akipapasa benchi kwa upande wa kushoto ili asisahau kitu, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Mlangoni aligonga bega kwenye fremu. Alisimama kidogo, kama anaomba radhi kwa mlango, akatoka.

Alhamisi, 18 Aprili

Aliyetoboa siri simjui, ila gazeti limeandika kwa herufi kubwa: SHEMEJI AMLA SHEMEJI. Tuliposhuka kwenye basi watu walinizomea. Mwanamke mmoja mtu mzima, mwenye miwani, alinitazama akatikisa kichwa tu, na huyo ndiye aliyeniumiza.

Mama kapiga simu. "Ni kweli ulimsema?"

"Ni kweli, Mama."

"Ni kweli haoni?"

"Ni kweli."

"Umekula?" akauliza.

Simu ya dada imezimwa. Tumekuwa tukidaka siku nzima, wageni ndio wanapiga. Kesho kutwa zamu yangu.

Ijumaa, 19 Aprili

Wakati wa mapumziko ya mchana Kinyozi alikuja klabuni, amevaa suti, dada kamshika mkono. Mvua nyepesi. Waandishi walimzunguka kwenye ngazi. Mimi nilikuwa dirishani juu, limefunguliwa kidogo, nilisikia kila neno.

Akasema anastaafu leo. Akasema jicho la kushoto limekwisha na hataki kudanganya watu waliomlea. Mwandishi mmoja akauliza, je, ni kweli kwamba shemeji yake alimsaliti?

"Mimi ndiye niliyemwendea kocha," akasema Kinyozi. "Shemeji yangu hakusema neno. Kama mtu anataka kuzomea, anizomee mimi, nimezoea."

Wakacheka, kalamu zikakimbia. Nilishuka ngazi mbili mbili nikawakuta karibu na gari. Nilitaka kusema asante. Akaniwahi.

"Nimesema vile kwa ajili ya mke wangu," akasema, uso kauelekeza mbele. "Na mtoto anasoma na watoto wa watu. Mimi na wewe hatujaongea."

Dada alifungua mlango wa gari. Aliponipita alinigusa mkono wa shati kwa vidole viwili. Sijui maana yake. Nimekuwa nikiifikiria tangu mchana.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimecheza.

Kutoka benchini mpaka vijitini ni mbali kuliko nilivyodhani miaka yote ya kubeba maji. Makofi machache. Twiga akanikazia macho, na nikamwonea huruma kwa sababu nilijua haogopi kama mimi, ila anaogopa: tangu ile siku anarusha mipira mifupi kwa kusita.

Mpira wa kwanza sikuuona. Sisemi uongo. Nilisikia tu unapita karibu na sikio, nikawaza, kumbe ndivyo ilivyokuwa kwake, kila mpira, kila siku. Kisha nikakumbuka miguu. Nikaacha kumtazama Twiga usoni, nikasikiliza. Hatua ya mwisho aliiburuza, nikainama kabla sijajua kwa nini, na mpira ukapita juu. Tena akaburuza, nikainama. Mara ya tatu nikarudi nyuma nikaupiga, ukaenda mpaka ukingoni.

Nilipata thelathini na nane. Mpira ulionitoa ulikuwa wa kawaida kabisa. Watu walipiga makofi, si mengi, si machache. Njia nzima ya kurudi nilitafuta uso wa dada jukwaani.

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua iliyotufuata msimu mzima leo ilikataa. Tulihitaji kusimama mpaka jioni tupate sare, mbingu ni bluu kama imeoshwa. Katika zamu yetu ya pili nilisimama mpaka karibu na mapumziko ya chai, nikatolewa kwa mpira ule ule wa kawaida. Tumefungwa. Nahodha kaniambia nilijitahidi. Neno hilo ni kama pole ya msibani.

Jumatano, 24 Aprili

Kinyozi kafanyiwa upasuaji asubuhi. Dada kapiga simu, mara ya kwanza.

"Ngozi ya ndani ya jicho imebanduka, kama rangi ya ukuta," akasema. "La kushoto halirudi. Ataona mwanga tu." Akavuta pumzi. "La kulia nalo lilikuwa limeanza kuchanika. Wamelishona kwa mwale wa leza. Daktari anasema kichwa kile kingepigwa tena, hata mara moja tu..."

Hakumaliza. Nilisikia toroli la hospitali likipita.

"Usiseme, 'Si nilikwambia,'" akasema.

"Sikuwa nataka kusema."

"Najua. Ndiyo maana nimekupigia."

Jumapili, 5 Mei

Kikosi cha safari ya ugenini kimetangazwa. Nimo, na safari hii si akiba. Nilishika simu kwa muda mrefu. Mtu ambaye ningemwambia kwanza ndiye nisiyeweza kumwambia.

Jumapili, 19 Mei

Dada kaniita chakula cha mchana. Amesema tu, "Njoo," kakata.

Kinyozi alikuwa kwenye kochi, miwani nyeusi, kajifunika shuka miguuni kama mgonjwa wa sinema. Nilimsalimia. Akaitikia. Tulikula. Mtoto alizungumza kwa niaba ya wote: mwalimu wake, paka wa jirani, jino linalotikisika. Mama alisifu chakula mara tatu. Kila kijiko changu kilikuwa kinagonga sahani kama kengele. Nikaona nimalize chai niondoke, nisiwaharibie siku.

Nilipoinuka akasema, "Ule mpira uliokutoa."

Nikasimama.

"Ule wa Jumamosi, na ule wa Jumatatu. Ni mpira mmoja. Twiga kakutoa mara mbili kwa mpira mmoja."

"Uliona?"

"Nilitazama na hili lililobaki. Kabla hawajalifunga bandeji." Akajifunua shuka. "Sijakusamehe. Lakini ule mguu wako wa mbele unaninyima usingizi. Unauweka kama mtu anayejaribu maji ya bahari. Leta mwiko."

"Kaa chini," dada akasema kutoka jikoni. "Daktari kasema usiiname."

"Siinami. Anayeinama ni yeye."

Mtoto akaleta mwiko. Akanisimamisha katikati ya makochi, akanipa mwiko kama gongo, akanizunguka akishika migongo ya viti mpaka akafika mbele yangu. Akausogeza mguu wangu kwa mguu wake, kidogo, kidogo tena. Akanigeuza bega. Mikono yake ilikuwa migumu vile vile.

"Sasa ukanyage. Usiguse. Kanyaga."

Nikakanyaga.

"Tena," akasema.

Nikakanyaga tena. Mama akasogeza chai yake isimwagike.

"Tena."